Mwalimu na Ziro Iliyokwenda Sigino

Mwalimu hakuwahi kusema mtandao unasumbua. Mtu asiyeishi Babati anaweza asione uzito wa jambo hilo, lakini mimi nina steshenari karibu na stendi. Natoa kopi, naprinti, nawajazia watu maombi ya vyuo na ya kazi, na katika biashara hii sentensi hiyo ndiyo inayotulisha. Printa ikigoma, mtandao unasumbua. Ofisa hajafika kazini, mtandao unasumbua. Nimewahi kuisema umeme ukiwa umekatika na mteja amesimama mbele yangu akimulika kwa tochi ya simu. Mwalimu alikuwa anainua uso kutoka kwenye kompyuta yake pale konani na kuniuliza kwa upole, "Mtandao upi, Mama Jesca?" Mteja ananitazama, mimi nageukia rafu za daftari kana kwamba kuna kitu natafuta.

Kona ile aliiomba kwa sababu ya soketi. Alikuja siku moja kuchaji kompyuta, akakaa miaka. Alikuwa ameacha kufundisha chuoni, lakini jina la Mwalimu lilimganda. Wengine waliongeza wakamwita Mwalimu Paskali, wakidhani ndilo jina lake la ubatizo, kumbe ni lugha ya kompyuta aliyokuwa anaitumia na kuisifia kutwa. Mama mmoja wa jumuiya yetu alifika mpaka dukani kumpongeza kwa sikukuu ya mtakatifu somo wake. Mtu huyu asiyevumilia uongo hata wa printa alisimama, akapokea pongezi, akashukuru. Nilipomcheka alisema kumweleza yule mama kungemaliza mchana.

Shati alilifunga vifungo mpaka shingoni, hata jua likiwaka namna gani. Aliandika kwa vidole viwili, mbio, na hakuruhusu mtu asimame nyuma yake. "Ukisimama hapo," alisema, "nawaza unachowaza wewe." Basi alifanya kazi peke yake, akajaribu peke yake, na akimaliza aliazima simu yangu, anafungua tovuti aliyoitengeneza, anabonyeza huku na huku, ananirudishia. Ikifungua vizuri kwenye simu yangu, kwake kazi ilikuwa imekwisha.

Vijana wa stendi walimtania sana. Wao walikuwa na lugha zao mpya zenye majina ya kupendeza.

"Mzee, hiyo Pascal si walisoma akina babu?"

"Hata mahindi walilima akina babu, na jana usiku umekula ugali."

Wanacheka, naye anacheka, lakini wakishaondoka nilikuwa namwona anapunguza mwanga wa kioo cha kompyuta ili wapita njia wasione alichoandika. Aliipenda lugha yake na aliionea haya, yote mawili kwa pamoja. Mteja akimuuliza ametengeneza kwa kutumia nini, anajibu, "Vitu vya kisasa," kisha masikio yanamwiva mpaka mtu anamwonea huruma.

Mimi alinifundisha kwa mfano wa matofali, kwa sababu aliniambia sina subira ya maelezo. Darasa katika programu, alisema, ni kile kibao cha kufyatulia, na kitu ni tofali linalotoka. Kibao ni kimoja, matofali ni mengi, na kila tofali lina maisha yake. Tena ukishaumba kitu katika Pascal na ukakitumia, ni wajibu wako kukiondoa, usiseme atapita mwingine kufagia. Kazi ya tovuti alikuwa haianzi chini kabisa. Kulikuwa na kiunzi, yaani mbao zilizokwisha kupigwa na mafundi wengine wa Pascal duniani, yeye anasimamisha kuta juu yake. Alichokipenda kuliko vyote ni kwamba kila mahali palipoandikwa begin, chini yake lazima pawe na end yake. Alikuwa ananionyesha kwa kidole, huyu na mwenzake, huyu na mwenzake, mpaka macho yananiuma.

Na nyumba yake Singe ilikuwa imefika usawa wa madirisha na kuishia hapo. Maboga yalikuwa yanatambaa sebuleni. Ukimuuliza ataezeka lini, anaanza kukueleza jambo lingine, na hilo nalo halimalizi.

Kazi zake nyingi hazikujulikana. Aliwatengenezea watu wa josho tovuti ya zamu za kuogesha ng'ombe, nzuri kweli, na wafugaji wakaendelea kuja siku waliyotaka wenyewe. Kwa hiyo shule ya wasichana anayosoma binti yangu Jesca ilipomtaka atengeneze mfumo wa wazazi kuona matokeo kwenye simu, Mwalimu alibadilika. Alinyoa. Alinunua soksi mpya. Nilifurahi naye, kwa sababu mtu akikaa dukani kwako muda mrefu, kufaulu kwake unakuona kama kwako.

Kwenye mkutano wa wazazi aliniaibisha. Shule ilikuwa na projekta, wazazi walitegemea waone picha, yeye akawaonyesha begin na end. Suruali ilikuwa fupi, soksi mpya zinaonekana zote. Nilikaa mstari wa mbele kwa ajili ya kumtia moyo, nikamaliza mkutano nikiwa nasoma lebo ya chupa ya maji. Ndipo akasimama baba mmoja wa Sigino, mkulima, baba yake Theresia anayesoma darasa moja na Jesca. Akauliza swali moja tu.

"Mwalimu wa shule akimpendelea mtoto, au mtoto akimdanganya mzazi, sisi tutajuaje?"

Mwalimu akapata sauti ambayo hakuwa nayo tangu mwanzo. "Mwalimu anaweza kukuficha, mtoto anaweza kukuficha. Kompyuta haidanganyi, baba. Utakachokiona kwenye simu yako ndicho."

Baba Theresia akaitikia kwa kichwa, akaketi. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, yalitoka wasichana wakiwa likizo. Nilikuwa dukani. Nikabonyeza, ikazunguka, nikabonyeza tena, nikabonyeza tena. Ikafunguka. Juu jina la Jesca, kamili na jina la babake, chini yake divisheni wani. Sikumbuki nilivyofunga duka. Nilinunua mchele na nyama, nikapita mtaani kwetu Nangara nyumba kwa nyumba nikiita majirani, na jioni ile uwanja wangu ulijaa. Jesca alikula kimya ameinama. Nikawaambia watu mtoto wangu hana majivuno. Mwalimu alikuja pia, na vifungo vyake mpaka shingoni, akapewa kiti cha mgeni rasmi.

"Mfumo umefanya kazi," aliniambia sikioni.

Alikuwa hajamaliza sahani simu yake ilipoita. Ni mkuu wa shule. Kuna mzazi analalamika kwamba kila akifungua ukurasa anapata alama tofauti. Mwalimu alisikiliza, akaiweka sahani chini ya kiti, akaondoka bila kunawa.

Kosa alilipata usiku wa pili, akanieleza asubuhi akiwa na macho mekundu. Miaka yake yote alikuwa anatengeneza programu za kompyuta moja, mezani, anakaa mtu mmoja, akiondoka anakaa mwingine. Katika programu za namna hiyo unaweza kuweka kisanduku kimoja nje ya madarasa yote, ukatia humo unachokihitaji, na hakuna wa kukugombania. Mkono wake ulizoea. Katika tovuti ya shule jina la mtoto lilikaa mahali pake, kila mzazi na lake, lakini alama alizipitisha kwenye kisanduku kimoja cha wote. Mzazi mmoja akibonyeza peke yake, anapata za mwanawe. Wakibonyeza wengi kwa pamoja, huyu anaweka, yule anachota. Alipojaribu na simu yangu hakuliona, kwa sababu simu ilikuwa moja na yeye alikuwa mmoja.

"Kosa la mtu anayekaa peke yake," alisema.

Alilirekebisha. Nilifungua tena nikiwa nimejifungia stoo. Jina la Jesca, kamili na la babake. Chini yake ziro. Nilimpelekea Jesca simu, akaitazama, akasema, "Sawa, mama," akaendelea kufagia. Majirani sikuwaambia. Walipopita wakiniita mama wa divisheni wani niliitikia. Mwalimu alijua vizuri alama za nani zilikwenda kwa nani, kwa sababu kompyuta ya shule ilikuwa imetunza kila aliyefungua na saa aliyofungua. Hakuniambia neno. Mimi pia sikumuuliza.

Mkuu wa shule alitaka yaishe kwa heshima. Wazazi walitumiwa ujumbe kwamba mtandao ulisumbua, waangalie tena. Mwalimu alikuja nao dukani akaushika mbele yangu kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake.

"Mtandao umesingiziwa," alisema.

Aliomba utumwe ujumbe mwingine wenye jina lake. Mkuu akakataa, shule ingechekwa. Basi akaanza kwenda mwenyewe, mzazi mmoja mmoja, kwa miguu. Mtu mwenye mvi anasimama mlangoni kwa watu na kusema, "Nimekosea mimi, nilitumia mazoea." Wengine hata walikuwa hawajui kama wamekosewa. Walimkaribisha chai, wakamwambia aah, mtandao tu huo, Mwalimu. Anakataa chai, anaeleza upya. Mji ulimcheka wazi wazi. Nilikuwa nasikia wateja wakimwigiza dukani kwangu na sikujua niweke wapi uso wangu.

Kisha shule ikafunguliwa na Theresia hakurudi. Baba yake siku ile ya matokeo aliona jina la mwanawe na ziro chini yake. Kesho yake alimpandisha basi la Katesh, akamsaidie shangazi yake kwenye mgahawa. Shule ilipompigia simu kwamba matokeo yamerekebishwa na binti ana divisheni wani, alijibu kwamba anawajua, wameona wazazi wamekasirika na wanatoa watoto, wameanza kugawa alama. Hakupokea tena.

"Mtoto yule amefaulu," Mwalimu aliniambia, "na sasa hivi anaosha sahani kwa sababu yangu. Mtihani wa mwisho uko karibu. Asiporudi mapema ameukosa." Akafunga kompyuta yake. "Nahitaji simu ya pili, Mama Jesca. Twende wote Sigino."

Nilijua tunakwenda kuzungumzia ziro ya nani. Yeye alijua kwamba najua. Tulipanda bodaboda mbili tukaenda.

Tulimkuta Baba Theresia anapukuchua mahindi uani na mkewe. Walitupa stuli, mama akaingia kutengeneza chai. Mwalimu hakuzunguka. Alisema kosa ni lake, akasema namna lilivyotokea, akasema amekuja kulionyesha. Alikuwa ameirudisha programu ile mbovu kwenye kompyuta yake makusudi, na kutia humo wanafunzi wa kubuni, wenye majina yasiyo ya mtu. Akaiweka kompyuta juu ya gunia, akaunganisha simu yangu na ya Baba Theresia.

"Bonyezeni pamoja."

Tulibonyeza. Kila simu ikaleta alama zake sahihi. Tukarudia, zikaja sahihi. Majirani wakasogea, Mwalimu akawaomba wenye simu nao wabonyeze, na kila mmoja akapata zake. Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Maisha yangu yote nimeona watu wakiomba kazi yao isiharibike. Yule alikuwa ameinama juu ya gunia la mahindi anaiomba yake iharibike mbele za watu, nayo ikamkatalia. Nilitamani ardhi ya Sigino inifunike, na nilitamani imfunike yeye kwanza.

"Mwalimu," Baba Theresia alisema, "mbona inakwenda vizuri tu?"

"Siku ile wazazi walikuwa wengi mno, na simu zilikuwa mbali. Hapa tuko wachache, inawahi kummaliza mmoja kabla ya mwingine."

"Kwenye mkutano ulisema haidanganyi. Leo unasema inadanganya. Mimi nishike lipi?"

"Nilisema vibaya, baba. Inafanya inachoambiwa. Mimi niliiambia vibaya."

Baba Theresia alitia simu yake mfukoni. Hakuwa mkali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Haya. Ile ziro niliiona kwa macho yangu. Kama si ya Theresia, ni ya nani?"

"Hilo siwezi kusema."

"Huwezi."

"Ni ya mtoto wa mtu. Siwezi."

"Basi unamtetea mwanangu. Una moyo mzuri, nashukuru." Akainuka, akavuta gunia lake taratibu kutoka chini ya kompyuta.

Mama Theresia alikuwa anamimina chai. Nikasikia sauti yangu ikisema ziro ile ni ya Jesca, binti yangu wa kumzaa, na divisheni wani ya Theresia ilikuja kwenye simu yangu mimi, nikaipikia pilau. Nikafungua ukurasa uliorekebishwa nikampa Baba Theresia simu. Majirani wote walikuwa pale. Alisoma jina, akasoma alama, akaniangalia, akasoma tena. Hakuna mama anayesafiri kilomita zote zile kwenda kujitangazia ziro ya uongo.

Aliketi. "Pole, mama," alisema. Baadaye, kwa sauti ya chini, akiwa anamtazama mkewe: "Nilimwambia maneno mabaya mtoto yule. Mbele ya wadogo zake." Na mwisho, "Kesho nakwenda Katesh."

Wakati wa kurudi nilidhani Mwalimu atanishukuru. Tulipofika Nangara aliteremka, akanisubiri niteremke, akasema bila kuniangalia, "Nilikwenda pale nivuliwe nguo mimi. Wewe umemvua mtoto."

Nililipa bodaboda zote mbili. Theresia alirudi akafanya mtihani, akafaulu, yuko chuo. Habari za ziro zilimfikia Jesca darasani zikiwa zimeongezewa chumvi. Alimaliza shule, hakupata alama za kuendelea, akaja dukani, na sasa analiendesha vizuri kuliko mimi. Mwalimu alihamisha meza yake. Niliambiwa anafanya kazi kwenye ile nyumba ya Singe, kwamba amezoea kuweka watu wawili watatu wajaribu kila anachotengeneza, na kwamba bado ni Pascal. Akimwona Jesca kwa mbali alikuwa anavuka barabara. Mtu mzima, na mvi zake, anamkwepa binti kama anayedaiwa.

Mwezi uliopita alikuja. Nadhani alichungulia akaniona niko peke yangu. Alikuwa amekonda, shati lile lile limekuwa kubwa shingoni. Alikuwa na karatasi anataka kopi, na tulikuwa tunaulizana habari za nyumbani Jesca alipotoka stoo amebeba rimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu hakuitikia. Alitazama sakafu. Mkubwa asipoitikia shikamoo hapa kwetu, ama ana ugomvi na wewe ama ni mgonjwa, na Jesca aliweka rimu mezani akairudia, kwa sauti ile ile.

"Mwanangu, mimi sistahili kuamkiwa na wewe," alisema. "Nilikuonyesha kisicho chako, halafu aibu yako ikatembea mpaka Sigino kwa ajili yangu."

"Nilijua, Mwalimu."

"Ulijua nini?"

"Siku ile ile. Karatasi ya hesabu niliirudisha tupu, na ya fizikia nusu. Mama aliponionyesha simu nilijua hizi si zangu, ni za mtu. Ningesema palepale, ungeiona mapema, na Theresia asingepandishwa basi." Alikuwa anafungua rimu kwa ukucha, taratibu. "Nimekuwa nataka kukwambia. Unavuka barabara."

Mwalimu alitafuta benchi kwa mkono, akakaa. Nje konda wa basi la Singida alikuwa anaita abiria.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu."

Jesca alimtolea kopi zake, akazipanga, akazibana kwa pini. Mwalimu alizipokea kwa mikono miwili na kuondoka upande huu huu wa barabara. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale pale. Niliona uwanja wangu jioni ile, watu wamejaa, na mtoto ameinama juu ya sahani.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nilimuuliza.

Alikuwa anatia karatasi kwenye printa na hakugeuka.

"Ulikuwa umeshawaita majirani, mama."